Wahaka wa shindano la kwanza: triathloni ya kufungua msimu huku Malindi

Wahaka wa shindano la kwanza la msimu la triathloni, yaani kuogelea, baiskeli na kukimbia mfululizo, hauanzi asubuhi ya shindano. Unaanza Jumatano au Alhamisi. Goti lililokuwa zima linaanza kuuma, koo linawasha, baiskeli inatoa mlio ambao haukuwapo wiki iliyopita, na mtu aliyeogelea baharini miezi mitatu mfululizo anajiuliza kama kweli anaweza kumaliza mita 750. Huwapata wageni na wakongwe vilevile. Mkongwe naye kasahau: tangu shindano la mwisho masika yamepita katikati, na zile kelele za ufuoni na msukumano wa watu si vitu vya mazoezi ya kila wiki.

Maneno ya kutia moyo ni mazuri, lakini hayafiki mbali. Kinachopunguza wahaka ni kumaliza maamuzi mapema. Nile nini, saa ngapi, tairi lijazwe kiasi gani, nisimame wapi ufuoni, nifanye nini pumzi ikinikatika: kila swali lisilojibiwa linabaki kichwani na kuamka nawe usiku wa manane. Majibu yote yanapatikana kabla ya magharibi ya siku ya mwisho. Ukishayapata, moyo utaendelea kudunda, na hiyo ni kazi yake, ila hautakuwa na la kukuuliza.

Kwanza tuelewe kinachotokea mwilini. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inaondoka tumboni kwenda kwenye misuli, utumbo wa chini unachangamka (ndiyo sababu ya foleni ndefu ya choo), na vidole vinatetemeka. Huo ni mwili unaojiandaa kwa kazi. Matatizo yake ni mawili. La kwanza, anayepumua haraka hali amesimama tu hutoa hewa ya ukaa nyingi kuliko anayoitengeneza, akapata kizunguzungu, ganzi midomoni na vidoleni, na kifua kubana, akadhani anaumwa. La pili, mikono inayotetemeka hushindwa kazi ndogondogo za vidole. Dawa ya la kwanza ni kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko unavyovuta: vuta kwa hesabu ya 4, toa kwa hesabu ya 6 au 8, kwa dakika 3 hadi 5. Dawa ya la pili ni kuzoeza mikono, na nitaieleza kwa urefu maana wengi huidharau.

Jambo moja kabla ya kuendelea. Kwa shindano la kufungua msimu chagua masafa mafupi: mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli, kilomita 5 za kukimbia. Ni nusu ya masafa ya Olimpiki yaliyoanza kushindaniwa Sydney mwaka 2000. Kwenye masafa mafupi kosa la chakula au la kasi litakuchosha. Kwenye masafa marefu kosa hilohilo litakutoa mashindanoni.

Bahari

Karatasi ya kwanza kuitazama ni jedwali la maji kujaa na kupwa, hata kabla ya ramani ya njia. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji huku kwetu hufika mita 3 na zaidi. Siku hizo maji hujaa alfajiri na kukauka kuelekea saa 4 au saa 5 asubuhi. Kwa hiyo shindano linaloanza saa 1 asubuhi wakati wa bamvua linaanza maji yakitoka kwa nguvu. Kwenda boya la mbali utajiona samaki; kurudi ndiko kwenye kazi, na mwisho utatembea mwendo mrefu kwenye maji ya magotini. Anayejua hili hashtuki akiona mkono unapiga na ufuo hausogei. Asiyejua anadhani nguvu zimemwishia, na hapo ndipo hofu inapomshika. Wakati wa maji mafu mambo ni mepesi zaidi, mkondo ni mpole na tofauti ya maji ni ndogo. Ukiwa na shaka kuhusu mkondo wa mahali fulani, waulize wavuvi wanaofunga mashua zao hapohapo. Wanaujua kuliko jedwali.

Jambo la pili ni rangi ya maji. Wakati wa kaskazi, upepo ukitoka kaskazini, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, maji ya Mto Sabaki yanayomwagikia baharini kaskazini mwa mji husukumwa kusini na kuingia ghuba ya Malindi. Mvua ikiwa imenyesha bara, bahari inakuwa ya udongo, na ukitumbukiza uso huoni hata kiganja chako. Wakati wa kusi, upepo ukitoka kusini, tope husukumwa kaskazini upande wa Mambrui, maji ya mjini yanakuwa meupe zaidi, lakini mawimbi na upepo vinaongezeka. Aliyezoea bwawa la hoteli lenye mstari mweusi chini hupigwa na giza hili kuliko anavyopigwa na umbali. Ogelea kwenye maji ya tope angalau mara mbili kabla ya siku yenyewe, ukiwa na mwenzako, na mbali na mdomo wa mto, maana Sabaki ina viboko na mamba. Ukiwa bwawani unaweza kufunga macho kwa mikono 6, ukayafungua unapoinua uso, ukafunga tena. Baada ya wiki mbili mwili unakubali kwamba kutoona chini si hatari.

Malindi inatazama mashariki, na jua linachomoza kati ya saa 12 na saa 12 na nusu. Boya la kwanza likiwa upande wa bahari kuu, unaogelea kulielekea jua, nalo limelala juu ya maji. Miwani ya kioo cheupe haifai kabisa; chukua ya kioo cheusi au cha kung'aa kama kioo cha kujitazamia. Siku moja kabla, simama ufuoni saa ileile ya shindano uone kinachoonekana na kisichoonekana. Wakati wa kurudi chagua alama ndefu ya nchi kavu iliyo nyuma ya mahali pa kutokea: mnara wa msikiti, paa la hoteli, kundi la minazi iliyozidi mingine kimo. Ikiwa mahali pa kutokea pako upande wa rasi, nguzo ya Vasco da Gama inaonekana vizuri kutoka majini. Boya dogo hupotea nyuma ya wimbi, mnara haupotei. Inua macho kila mikono 8 hadi 10, macho tu, kama kiboko. Ukiinua kichwa kizima miguu inazama na pumzi inapotea.

Sasa zile mita 200 za kwanza, ambazo ndizo nilizokusudia hasa kuziandika. Wengi wanaoacha shindano majini huacha hapo, si kwenye boya la mwisho. Sababu hazibadiliki. Mtu ameanza kwa kasi aliyoizoea kwenye mita 50, kwa kuwa watu wote wanakimbia na honi imelia. Moyo tayari ulikuwa juu kabla hajagusa maji. Anapata teke la bega, anakunywa funda la maji ya chumvi, na bila kujua anaanza kuzuia pumzi uso ukiwa majini. Anainua kichwa, anavuta pumzi juu ya pumzi ambayo hakuitoa, na kifua kinajaa hewa iliyotumika. Ile hisia ya kukosa hewa haitokani na ukosefu wa oksijeni. Inatokana na hewa ya ukaa iliyobaki ndani. Ndiyo maana kuvuta zaidi hakusaidii. Kinachosaidia ni kutoa.

Kwa hiyo zoezi la lazima ni hili: puliza mapovu mfululizo uso ukiwa majini, kwa pua na mdomo, hata ukiwa unakwenda taratibu. Wengine huguna mle majini ili wahakikishe hewa inatoka. Fanya hivyo tangu mkono wa kwanza. Vuta pumzi kila mikono 2 badala ya 3 kwa mita 200 hizo. Ufundi wa pande zote mbili una siku yake. Kasi iwe ile ambayo ungeweza kuiendeleza dakika 30. Utapitwa, na utawakuta wengi wao karibu na boya la kwanza.

Pa kusimama: kando, tena nyuma, upande wa nje wa kona ya kwanza. Honi ikilia, hesabu hadi 10 ndipo uingie. Hizo sekunde 10 ni bei ndogo sana ya maji yasiyo na mateke. Ingia kwa kutembea hadi maji yafike mapajani, kisha jilaze. Upande wenye miamba buruta nyayo badala ya kurukaruka, maana wanyama wadogo wa baharini wenye miiba mirefu myeusi hukaa humo na mwiba wao ukikatikia mguuni kilomita 5 za mwisho zitakuwa ndefu mno.

Hofu ikija pamoja na yote hayo, kuwe na mpango wa hatua tatu unaoujua kwa moyo. Kwanza geuka chali, masikio majini, tazama mbingu, toa pumzi ndefu mara 5. Maji ya chumvi yanakubeba vizuri, huzami. Pili, endelea kwa mtindo wa chura mikono 20, kichwa juu. Tatu, rudi kwenye mtindo wako, taratibu. Ikishindikana, shika boya au mashua ya waokozi iliyosimama. Kanuni za kimataifa zinaruhusu kupumzika hivyo maadamu husogezwi mbele. Ukihitaji msaada wenyewe, inua mkono juu na uite. Ukishasaidiwa rasmi shindano lako limekwisha siku hiyo, basi. Waulize waandaaji mambo haya kwenye maelezo ya kabla ya kuanza. Usione haya, mara nyingi nusu ya waliosimama pale wana swali hilohilo.

Na hapa niseme bila kuzunguka. Sehemu kubwa ya vifo vya triathloni hutokea kwenye kuogelea, na mara nyingi moyo ndio sababu. Maumivu ya kifua, kuzimia wakati wa mazoezi, au pumzi inayokatika bila sababu wiki za karibuni si wahaka. Ni dalili za kupelekwa kwa daktari kabla ya kujiandikisha. Siku yenyewe kifua kikiuma majini, inua mkono.

Anayetoka Lamu kuja kushindana Malindi mara nyingi hana taabu na bahari. Taabu yake ni baiskeli, kwa kuwa mitaa ya kule ni ya miguu na punda, na kilomita 20 za lami huzipati kisiwani. Huyu agawe wahaka wake sawasawa: aje siku mbili mapema, aendeshe njia yenyewe, na bahari aiguse dakika 10 tu.

Helmeti na vidole vinavyotetemeka

Kanuni ni moja kila mahali: helmeti ifungwe kabla mkono haujagusa baiskeli, na isifunguliwe mpaka baiskeli iwe imerudishwa kwenye mlingoti wake wa kuitundikia. Ukikiuka unaadhibiwa, na mwamuzi hana haja ya kujua ulikuwa na haraka. Kifungo chenyewe ni vipande viwili vya plastiki, kimoja na meno mawili yanayobanwa, kingine na tundu. Nyumbani unakifunga bila kutazama. Ukitoka majini mambo ni mengine. Kidole gumba kimelainika kwa maji na kinateleza, mkanda wa kulia umejisokota chini ya sikio, jino moja limeingia na la pili limebaki nje, na kila ukivuta linachomoka. Macho hayasaidii, kwa kuwa kifungo kiko chini ya kidevu. Watu hupoteza dakika nzima hapo, kisha wanaendesha kilomita 5 kwa hasira ili kuilipa.

Fanya hivi: kwa jioni nne mfululizo, lowesha mikono kwenye beseni, rukaruka papo hapo dakika moja ili moyo uende mbio, kisha vaa na ufunge helmeti mara 10. Weka kipande cha utepe wa rangi kwenye upande wa tundu ili mikanda isigeuke. Ipange juu ya usukani ikiwa imepinduliwa, sehemu ya mbele ikikuelekea, mikanda ikining'inia nje pande zote mbili. Ndani yake weka miwani ya jua ikiwa wazi na mkanda wa namba. Namba hukaa mgongoni kwenye baiskeli na tumboni kwenye kukimbia. Kwa mkanda wa lastiki unaizungusha tu, bila pini.

Dada anayeshindana na hijabu apime helmeti akiwa nayo kichwani tangu mwanzo, hijabu ileile ya siku ya shindano, tena ikiwa imelowa. Kitambaa cha pamba hunyonya maji kikawa kizito na kuvuta shingo nyuma. Kitambaa cha nguo za kuogelea hubana na kukauka upesi. Mikanda ya masikio hulegezwa nusu sentimita hivi kila upande. Vazi refu la kuogelea nalo lijaribiwe kwenye mawimbi, siyo bwawani, ili ujue kama maji yanaingia shingoni na kujaa kiunoni. Na masharti ya mavazi yaulizwe kwa waandaaji wiki mbili kabla, jibu likiwa kwa maandishi.

Ukifika kwenye kituo cha kubadilishia, panapowekwa baiskeli na viatu, tembea njia yote kwa miguu: kutoka majini hadi kwenye baiskeli yako, kutoka hapo hadi mstari wa kupandia, kutoka mstari wa kushukia kurudi, na kutoka hapo hadi njia ya kukimbilia. Hesabu milingoti. Usiweke alama kwenye baiskeli ya jirani, maana utakaporudi haitakuwapo. Chini weka taulo dogo la rangi kali, viatu vikiwa vimefunguliwa kabisa, na chupa ya maji ya kuoshea mchanga miguuni. Mchanga wa Malindi ni mwembamba na hujificha katikati ya vidole. Bila kuuosha utakuwa na malengelenge kabla ya kilomita ya tatu. Kamba za viatu ziwe za lastiki. Mafuta mazito ya kujipaka yapakwe makwapani, shingoni na mapajani, kisha mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika miwani ya kuogelea, la sivyo utaogelea ndani ya ukungu.

Baiskeli

Baiskeli ikaguliwe siku tatu kabla, na baada ya hapo isiguswe. Wahaka una tabia ya kumpeleka mtu kwa fundi jioni ya mwisho kubadilisha kiti au kupandisha usukani, na matokeo yake ni mgongo unaouma na gia zinazoruka. Kagua raba za breki, skrubu ya nguzo ya kiti, skrubu za usukani, na kama magurudumu yanazunguka bila kugusa breki. Huku pwani hewa ya chumvi inakula cheni na skrubu upesi, kwa hiyo cheni ipanguswe kwa kitambaa kikavu, itiwe tone moja la mafuta kila kiungo, isubiri robo saa, kisha mafuta ya ziada yapanguswe yote. Cheni iliyojaa mafuta hukusanya mchanga na kusaga meno.

Upepo wa tairi ujazwe asubuhi. Kwa mtu wa kilo 70 hivi, tairi la milimita 25 linataka psi 80 hadi 85, la milimita 28 psi 65 hadi 75. Ukizidisha kwa kudhani utakwenda kasi, kila kokoto litakurusha, na kwenye matuta chupa itakutoka. Beba tyubu moja, vijiko viwili vya kutolea tairi na pampu ndogo. Adui wetu ni mbigili. Ukibadilisha tyubu bila kupapasa ndani ya tairi kwa kitambaa, ule mwiba uliobaki utatoboa tyubu mpya kabla hujafika tuta linalofuata. Jifunze kubadilisha tairi la nyuma nyumbani, mara tatu, kwa saa. Kujua kwamba ni kazi ya dakika 7 kunatuliza kuliko kuomba isitokee.

Baiskeli iachwe kwenye gia nyepesi. Anayeondoka kwenye gia nzito anayumba, na anayebadilisha gia kwa papara miguu ikiwa imesimama anaangusha cheni. Kilomita 3 za kwanza zungusha miguu upesi kwa gia nyepesi, bila kutazama saa ya mapigo, kwani adrenalini itaonyesha namba za kutisha hata ukienda polepole. Pumzi ikitulia, ndipo unywe. Elewa upepo unatoka wapi: njia ikielekea Gede, kusini mwa Malindi, wakati wa kusi, unakwenda dhidi ya upepo na kurudi nao, wakati wa kaskazi ni kinyume chake, na mtego ni kwamba unaondoka ukijiona bingwa. Upepo huongezeka jua linapopanda. Kaa kushoto, pita kwa kulia, na usiamini kwamba tuktuk au mbuzi wameambiwa kuna mashindano.

Tumbo

Kwa shindano la saa 1 asubuhi, kula saa 10 alfajiri. Anayeamka kwa swala ya alfajiri aamke mapema kidogo, ale kwanza, ndipo aswali na kuondoka. Ni utaratibu wa daku tu, na mwili wa watu wengi hapa unaujua. Lenga gramu 1 hadi 2 za wanga kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 65, bakuli la uji mwepesi wenye sukari, vipande 3 vya mkate mweupe na kijiko kikubwa cha asali, na ndizi moja, vinaleta kama gramu 110 hadi 120. Mahamri na mbaazi za nazi ni chakula kitamu, ila mafuta na nyuzinyuzi zake hukaa tumboni saa nyingi, na tumbo lenye adrenalini halisagi. Yawekwe kwa ajili ya baada ya shindano. Asiyeweza kumeza chochote kwa wahaka anywe uji tu, au ale tende. Tende kubwa moja ina gramu 15 hadi 18 za wanga na haihitaji kutafunwa sana.

Chupa ya baiskeli naipenda ya kutengenezwa nyumbani: lita 1 ya maji, vijiko 15 vya chai vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ndimu moja. Ni gramu 60 hivi za sukari, na kwa masafa mafupi mililita 750 zinatosha. Dafu ni zuri baadaye, ila lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na jasho la pwani hutoa sodiamu zaidi; tia chumvi kidogo ndani yake. Kahawa chungu ainywe yule tu anayeinywa kila siku, kikombe kidogo, saa moja na nusu kabla, ili choo kipatikane mapema. Miraa na muguka viachwe kabisa. Vinapandisha mapigo ya moyo juu ya yale ya wahaka, na kathini iliyomo, ikizidi kiwango kilichowekwa kwenye mkojo, imepigwa marufuku wakati wa mashindano na shirika la kupambana na dawa za kusisimua misuli.

Usingizi wa usiku wa mwisho usikuhangaishe. Karibu kila mtu hulala vibaya, na usiku mmoja hauondoi mazoezi ya miezi. Wa kuulinda ni usiku wa kabla ya huo.

Dakika za mwisho na mbio za miguu

Fika saa moja na nusu kabla. Panga vitu, tembea njia, nenda chooni, kisha ondoka kabisa kwenye kituo cha kubadilishia. Pale ndipo wahaka wa watu huambukizana: huyu kaleta magurudumu mapya, yule anasema maji yana mkondo mbaya, na wewe unaanza kubadilisha mpango. Zikibaki dakika 25 kimbia polepole dakika 8. Zikibaki 15 ingia majini, ogelea dakika 5, puliza mapovu, na mara tatu ongeza kasi kwa mikono 15. Moyo uliokwisha kupanda mara moja hauruki ghafla honi ikilia. Kama hawaruhusu kuingia majini, jimwagie maji usoni na shingoni na uzungushe mabega. Kisha simama pale ulipochagua, upumue kwa ile hesabu ya 4 na 6.

Kuhusu kukimbia sina mengi, maana ukifika hapo wahaka umekwisha na kilichobaki ni joto. Miguu itakuwa mizito kwa dakika 5 hadi 8 kwa sababu misuli bado inafuata mzunguko wa pedali. Piga hatua fupi na za haraka, kilomita ya kwanza iwe polepole kwa sekunde 15 hadi 20 kuliko kasi unayoitaka, na kila kituo cha maji kikombe kimoja kinywani na kimoja kichwani.

Ukivuka mstari usikae chini papo hapo. Tembea dakika 10, kunywa kitu chenye chumvi. Na baiskeli isilale na chumvi: siku hiyohiyo imwagiwe maji yasiyo ya chumvi bila kupulizwa kwa nguvu kwenye bearingi, ikaushwe kwa kitambaa, cheni itiwe mafuta. Miwani ya kuogelea isuuzwe, ianikwe kivulini.